Wakuu, diski imekufa na daftari langu la miaka minne. Kwa laki sita nianze na nini?

KodiSiYaNyumba
Habari za jioni wakuu. Niko Morogoro, naandika programu kwa wateja wa mbali, ofisi yangu ni meza ya chumbani. Ijumaa umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, yote ndani ya dakika kama tano. Nilipowasha laptopu mara ya tatu diski haikuonekana kabisa. Fundi ameipima, akanirudishia huku akinipa pole kama ya msibani.

Kazi za wateja ziko salama maana kila jioni nilikuwa nazipandisha GitHub, ghala la programu la mtandaoni. Kinachoniuma ni daftari. Si la karatasi, ni folda niliyokuwa natupia kila kitu kilichowahi kunitesa: amri ya kuua programu iliyong'ang'ania bandari 3000 (mlango wa mtandao ndani ya kompyuta), namna ya kurudisha hifadhidata ya Postgres kutoka kwenye faili la dump, yaani nakala yake, mpangilio wa Nginx, programu ya seva ya tovuti, ulionikesha siku mbili. Jana nimetumia saa nzima kutafuta mtandaoni jambo ambalo nilishaliandika mwenyewe mwaka 2022.

Nina laki sita. Naombeni ushauri, daftari jipya niliweke wapi, na kifaa gani kitangulie. Halafu kuna kibodi moja ya mechanical, ile ambayo vitufe vyake hulia kwa kelele, naimezea mate tangu mwaka jana. Nayo naomba ihukumiwe kwa haki.

MzeeWaSoketi
Pole sana kijana. Kabla ya daftari, zungumzia umeme, maana ulichonunua chote kinaweza kwenda njia ileile.

Tafuta UPS ndogo ya rauta, yaani betri inayoshika kazi umeme ukikatika, ile ya ukubwa wa kitabu inayotoa volti 12 moja kwa moja. Geuza rauta yako usome kibandiko chini. Kama imeandikwa 12V 1A, hiyo ni wati 12 ikila kwa nguvu zote, na kwa kawaida hula pungufu. UPS ya 8,800mAh usiipigie hesabu kwa hiyo namba kubwa ya kwenye boksi. Zidisha na 3.7, ambayo ndiyo volti ya betri za ndani, upate kama watt-saa 32. Toa kinachopotea njiani, bado una saa mbili na zaidi za intaneti giza likiwa limetanda. Angalia pini ya waya iendane na rauta, na usichomeke ya volti 12 kwenye rauta ya volti 9. Nimeona mtu akifanya hivyo, chumba kilinuka wiki nzima.

Pawabenki nayo ni hesabu hiyohiyo. Ya 20,000mAh ni watt-saa 74, laptopu ya kawaida utaijaza kama mara moja. Ila lazima iwe ya USB-C yenye PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa) ya wati 45 au 65. Ya simu yenye wati 18 laptopu nyingi zitaidharau. Na waya usiuchukulie poa: wati 65 zinapita kwa ampea 3.25, na waya wa kawaida wa USB-C mwisho wake ni ampea 3. Chukua ulioandikwa ampea 5 au wati 100. Watu wanalaumu chaja bure, kumbe waya.

chapati_mbili
Nunua kibodi mkuu. Maisha mafupi.

BintiWaDirishaJeusi
@chapati_mbili acha kumpoteza mwenzio 😂

Kaka, mimi nizungumzie daftari. Kosa si kwamba uliandika kwenye folda, folda ndiyo sahihi. Kosa ni kwamba ilikuwa moja. Rudi kwenye mafaili ya maandishi matupu, ya .md, usiingie kwenye programu inayohifadhi kwa mtindo wake peke yake, siku ikifa unabaki na sanduku lisilo na ufunguo. Ukitaka muonekano mzuri fungua folda hiyohiyo kwa Obsidian, programu ya noti, mafaili yanabaki yako. Halafu iwekee Git, ile inayotunza historia ya kila badiliko, kama unavyofanya kazi ya mteja. Hazina za faragha GitHub ni bure tangu 2019, huna kisingizio.

Jambo ambalo lilinichukua miaka kulielewa: kichwa cha noti usikiandike kwa lugha ya mtaalamu uliyeshapata jibu. Kiandike kwa maneno utakayokuwa unayatafuta saa nane usiku ukiwa umechanganyikiwa. Noti yangu moja inaitwa "tovuti inasema 502 lakini programu inawaka". Ningeiita "mpangilio wa upstream" nisingeiona tena. Chini yake naweka ujumbe wa kosa kama ulivyo, amri iliyotibu, tarehe, na mstari mmoja wa kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo inakuokoa toleo likibadilika. Kutafuta natumia ripgrep, ukiandika rg na neno, maelfu ya mafaili yanapekuliwa kabla hujapepesa.

Nywila na funguo za seva USIWEKE humo. Ukishaihifadhi kwenye Git hata ukiifuta kesho inabaki kwenye historia. Hizo zina nyumba yake, KeePassXC, programu ya kutunza nywila, faili moja lililofungwa kwa siri, unalinakili popote.

Ngongoti
Mbona mnamchosha. Mimi kila kitu najitumia WhatsApp, nikitaka natafuta.

BintiWaDirishaJeusi
@Ngongoti nami nilikuwa huko. Jaribu kunakili amri yenye nyota mbili uone WhatsApp inavyoila nyota na kuigeuza maandishi mazito.

Ngongoti
😶 Kumbe ndiyo maana.

MpwaniWaKilifi
Salaam ndugu zangu. Huku kwetu stima ikipotea huwa hairudi na haraka, kwa hivyo nimejifunza kufanya kazi kana kwamba intaneti ni mgeni, yuaja na kwenda.

Syncthing, programu ya kusawazisha mafaili, imenifaa sana. Simu na kompyuta zikiwa kwenye Wi-Fi moja zinapelekeana mafaili zenyewe, hata bundles zikiwa zimeisha, hakuna seva ya mtu katikati. Upande wa Android ile programu rasmi ilisimamishwa mwishoni mwa 2024, watu wanatumia Syncthing-Fork. Lakini bwana, kusawazisha si bakapu. Ukifuta huku, kule nako kwafutika. Washa ile sehemu ya kuhifadhi matoleo ya zamani kabla hujaitegemea.

Kwa seva za mbali, anzisha kazi ndani ya tmux, programu iendeshayo dirisha la amri kwenye seva yenyewe, laini ikikatika kazi yaendelea hukohuko, ukirudi waandika tmux attach waikuta ilipofikia. Ongeza mosh mahali pa ssh, ile njia ya kawaida ya kuingia seva ya mbali. Hiyo hutumia UDP, njia ya kutuma data isiyodai muunganisho wa kudumu, wahama kutoka Wi-Fi hadi data ya simu na dirisha halifungi. Utalazimika kufungua bandari za UDP kuanzia 60000 kwenye seva, hapo ndipo wengi hukwama wakasema haifanyi kazi.

Na nyaraka za kuprogramu pakua siku una bundles: Zeal kwa kompyuta, au DevDocs ambayo yasomeka bila mtandao ukishaihifadhi kwenye kivinjari. Ukivuta mradi mkubwa ili usome tu, git clone --depth 1, historia ya miaka kumi waifanyia nini?

FundiKimya
Mengi yamesemwa. Mimi naongezea upande wa kununua, maana laki sita inaliwa haraka na vitu feki.

Ukiuziwa flashi ya "2TB" kwa bei ya chakula cha mchana, ndani kuna labda GB 32 na kidude kinachoidanganya kompyuta. Utanakili, itakubali, majina ya mafaili yataonekana yote. Ukifungua lile la mwezi uliopita ni takataka, maana ikijaa inaandika juu ya vya zamani. Nilipigwa hivyo na picha za harusi ya dada yangu. Siku hizi kila flashi au kadi mpya naipima kabla sijaiamini: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux. Inaijaza yote kisha inaisoma tena. Inachukua muda, iache ikiwa unakwenda kula.

Diski au SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya mtumba, omba kuichomeka dukani uone afya yake kwa CrystalDiskInfo, au smartctl kama una Linux. Laptopu ya mtumba yenye Windows, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo betri iliyozaliwa nao na uliobaki leo. Muuzaji akikuzuia kufanya hivyo, ameshakujibu.

Kwa hela yako: UPS ya rauta, SSD ya nje ya GB 500 yenye jina, pawabenki ya PD. Ikibaki chenji, ndiyo kibodi.

Na bakapu ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Chukua kompyuta ya rafiki, jifanye yako imeibiwa, uone unaanza kazi baada ya muda gani.

KodiSiYaNyumba
Wakuu, siku tisa baadaye narudi na majibu.

Nimefuata orodha ya @FundiKimya karibu yote. UPS ya rauta imeshafanya kazi mara mbili, mara ya pili nilikuwa kwenye simu ya video na mteja, akaniuliza kwa nini nimekuwa giza ghafla, nikamwambia nimezima taa kupunguza joto. Mzee wa soketi, rauta yangu ilikuwa ya volti 9. Ningeichomeka bila kusoma.

Daftari jipya lina noti 31, nyingine nimezivua kutoka kwenye mazungumzo ya zamani na wateja. Ya kwanza inaitwa "diski imepotea usichanganyikiwe anza hapa".

Jumapili nikaazima laptopu ya jirani kufanya lile zoezi la kuibiwa. Nilidhani dakika ishirini, ilikuwa saa tatu kasoro. Kilichonikwamisha ni aibu kukisema: nilinakili folda zote ninazoziona, nikasahau zinazoanza na nukta. Kwa hiyo .ssh, folda ya funguo za seva, haikuwemo, wala mipangilio ya tmux, na bila ufunguo seva ya mteja haikunitambua. Ingekuwa kweli ningempigia mteja saa ngapi kumweleza? Sasa zimo, na ufunguo umefungiwa KeePassXC.

Swali limebaki moja. SSD hii nikiiweka nyumbani na laptopu iko nyumbani, mwizi akija anabeba vyote. Mnaweka wapi nakala ya tatu?

MzeeWaSoketi
Kwa mama, Dodoma. Flashi iliyofungwa kwa nywila, ndani ya kabati la vyombo vya wageni. Nikienda sikukuu naibadilisha.

chapati_mbili
Na kibodi?

KodiSiYaNyumba
Imefika jana. Mke wangu anauliza nimeanza lini kushona nguo.