Nyumba za kuuza Mtwara mjini zimeenda wapi?

Binti_Newala:
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mume wangu tumejikusanya tuna milioni 48, tunataka tuachane na kupanga. Tunatafuta vyumba vitatu Chuno, Ligula au Rahaleo, hata Magomeni sawa, ila iwe na hati. Kila dalali anatupeleka nyumba ile ile ya Chuno, na kila mmoja ana bei yake. Plasta ya chini inamumunyuka, ukigusa kwa kidole unadondoka unga, na chumvi imechora mstari mweupe ukuta mzima. Anayeuza ni kaka mtu, nyumba ya marehemu baba yao. Dada zake wanaishi humo humo, walitutazama tu, hata karibu hawakusema. Ndivyo mji mzima ulivyo, au hatujui pa kutafutia?

Kijana_Bandarini:
Pole dada, ndivyo ulivyo. Na wakulima wakishalipwa hela ya korosho, wanunuzi wataongezeka, nyumba ni hizo hizo.

Mzee_Mikindani:
Mwanangu, nyumba zipo, wenyewe ndio hawauzi. Miaka ya 2011 na 2012, gesi ilipopamba moto, wageni walikodi Shangani yote na bei zikapaa. Kuna waliouza wakati ule, hela ikaisha, leo wamepanga. Bomba lilipoanza kupeleka gesi Dar mwaka 2015 wageni wakapungua, waliojenga gesti kwa mkopo wakabaki wanahesabu vitanda vitupu. Aliyeyaona hayo hakuuzii kwa bei ya leo. Anasubiri mradi wa kusindika gesi wa Likong'o, Lindi, uanze, na ukimuuliza utaanza lini hana jibu.

Hiyo ya Chuno msitoe hata shilingi, hata ya kishika uchumba. Nyumba ya marehemu anauza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kaka mkubwa kwa kuwa ndiye mkubwa. Mwambieni awaoneshe karatasi ya mahakama, kisha kaeni na hao dada zake, muwasikie kwa masikio yenu. Wanawake wanaolala ndani ya nyumba hiyo kunyamaza vile, mimi kwangu ni jibu tosha. Msije mkawatoa watu kwao.

Na hata mkipata muuzaji mwenye nyumba yake, ulizeni mwenzi wake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka aridhie nyumba ya familia kuuzwa. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa pekee usiwatulize. Chukueni namba ya hati, mkafanye upekuzi kwa msajili wa hati.

Binti_Newala:
Shikamoo mzee, ahsante sana. Karatasi ya mahakama tuliiulizia, akasema "inashughulikiwa". Tunaiacha.

Fundi_Naliendele:
Dada, hiyo plasta nadhani walichanganya mchanga wa pwani. Ukipiga plasta mpya juu yake chumvi inarudi, lazima ibanduliwe yote. Kwa hela yenu mimi ningetafuta boma, yaani nyumba ambayo haijaisha, kwenye kiwanja kilichopimwa, Mangamba au huku kwetu. Mwenye boma hela imemwishia, huyo anauza kweli. Ila angalieni lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kama ina nondo, na muulize bomba la maji limeishia nyumba ipi. Kuna mitaa bado wananunua maji kwa madumu, na ujenzi wa maji ya madumu unakula bajeti kuliko saruji.

Binti_Newala:
Mangamba tunakuja Jumamosi. Lenta naiangaliaje ikiwa imeshamwagwa zege?

Fundi_Naliendele:
Kwa macho huwezi. Tazama kama kuna ufa juu ya dirisha kubwa la sebuleni, kisha mtafute fundi aliyeijenga. Majirani watakuwa wanamjua.