Cheni ya baiskeli haimalizi miezi mitano, nakosea wapi?

Muuza_Maziwa

Wakuu, habari za jioni. Nina Phoenix ambayo napelekea maziwa mjini Shinyanga kila alfajiri. Nabeba madumu mawili ya lita 20, kilomita 18 kwenda na 18 kurudi. Nusu ya njia ni vumbi, na masika kile kipande cha mbuga kinakuwa tope jeusi linalonata mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Cheni ya kwanza niliifunga Januari, Mei ikaanza kuruka. Nikafunga nyingine, na sasa Septemba nayo imeanza. Wiki iliyopita iliruka nikiwa nimesimama juu ya pedali napandisha kilima. Nilianguka na dumu moja, lita 20 zote zikanywewa na mchanga. Goti litapona, lakini kuna mama mmoja namletea kwa ajili ya mtoto, na siku hiyo alikosa.

Kinachonichanganya ni kwamba mimi cheni naitunza. Kila asubuhi kabla ya kutoka naipaka oili kwa brashi mpaka inadondoka. Oili chafu napewa bure gereji. Jirani yangu hapaki kitu, cheni yake ni nyekundu kwa kutu na unamsikia anakuja kabla hujamwona, na bado anatembelea. Kati yangu na yeye nani anakosea?

Mzee_wa_Kahama

Kijana, usiiache oili chafu, sisi wote tumekulia humo. Nimeendesha Avon tangu 1987 na cheni sijawahi kuiosha hata siku moja. Tatizo ni cheni za siku hizi, chuma laini. Tafuta nzito.

Binti_Fundi

Shikamoo mzee wangu wa Kahama. Kwamba kuna cheni za chuma laini madukani, sikupingi. Kwenye oili chafu nitakupinga kwa heshima, maana kibanda cha baiskeli cha marehemu baba hapa Tabora nimekaa tangu nina miaka 9, na sasa ni changu.

Muuza Maziwa, pole sana kwa goti, na pole ya yule mtoto.

Kama ile cheni ya kwanza hujaitupa, gonga pini moja kwa nyundo na msumari, utoe pingili uiweke kiganjani. Utaona pini, halafu kibomba kidogo kinachoivaa ile pini, na nje yake roli, ndiyo inayokaa kwenye meno. Pitisha ukucha juu ya pini. Katikati imeliwa, ukucha unazama kidogo. Cheni inafia hapo hapo. Watu husema imevutika, lakini zile bapa za pembeni hazivutiki. Kila pini imepungua kidogo mno, ila pingili zipo zaidi ya mia, na mapengo yote yakijumlishwa cheni inakuwa ndefu. Ikishakuwa ndefu hailali tena chini kati ya meno, inapanda juu yake. Ukisimama kwenye pedali na lita 40 nyuma, inaruka.

Kwa hiyo oili inatakiwa ndani, kati ya pini na kibomba chake, na kati ya kibomba na roli. Nje inazuia kutu tu, na kwa kutu utando mwembamba unatosha. Hiyo inayodondoka kazi yake ni kukamata mchanga. Oili na mchanga vikichanganyika unapata msasa wa majimaji, na kila ukizungusha pedali unausukuma uingie ndani. Oili ya gereji ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu imeshatoka kwenye injini na masizi na unga wa chuma. Halafu wewe unashika maziwa ya watu! Oili hiyo si nzuri hata kwa ngozi yako.

Jirani naye anaiua ya kwake, chuma kikavu kinasaga chuma kikavu. Lakini kwa vumbi la kiangazi la huko, hiyo kavu yake inaweza kabisa kuishinda yako.

Fanya hivi, na ufanye jioni ukisharudi, siyo alfajiri, ili oili ipate usiku mzima wa kuzama. Fungua ile klipu ya kuungia. Kabla hujaifungua angalia ilivyokaa: upande uliozibwa unatangulia kule cheni inakokwenda, wenye mwanya unafuata nyuma. Ukija kuigeuza, kijiti tu cha njiani kinaweza kuichomoa.

Cheni itie kwenye kopo lenye mfuniko, mimina mafuta ya taa mpaka izame, tikisa. Siyo petroli, nimeona kibanda kikiungua. Acha robo saa, tikisa tena, mwaga, rudia na mafuta safi. Baba alikuwa na kipande cha kanga kuukuu nyeupe. Aliivuta cheni ndani yake mara tatu, na kama mara ya tatu kitambaa kilitoka cheusi, aliirudisha kopo. Nilikuwa naona anapoteza muda, wateja wamepanga foleni. Leo nami naitumia kanga hiyo hiyo.

Friwili, ile gia ya meno ya gurudumu la nyuma, ifute kwa tambara na mswaki wa zamani tu. Ukiimwagia mafuta ya taa yataingia ndani yaoshe grisi yake.

Cheni ikauke kweli kweli, maana mafuta ya taa yakibaki ndani yataifanya oili kuwa maji. Kisha nunua oili mpya ya pikipiki, kichupa kidogo kitakutosha muda mrefu. Mimi natumia bomba la sindano lisilo na sindano. Tone moja juu ya kila roli, moja moja, mpaka urudi kwenye klipu. Ni kazi ya dakika kumi. Zungusha pedali kinyumenyume, iache ilale. Asubuhi futa. Futa kama mtu anayetaka kuiondoa yote, ya ndani haitatoka. Ukiishika cheni kwa vidole viwili, vidole viwe na mng'ao, visiwe vyeusi.

Baada ya hapo, kila siku ukirudi ni tambara kavu tu. Matone, mara moja kwa wiki. Kopo, mara moja kwa mwezi au kila ukitoka kwenye lile tope.

Swali: ulipofunga cheni ya pili ulibadilisha sproketi (gia ya mbele, kwenye pedali) na friwili? Na kava la cheni bado unalo? Hizo Phoenix nyingi huja na kava, watu wanang'oa kwa sababu linapiga kelele. Linyooshe, ulirudishe.

Pima pia. Tepu ya seremala yenye inchi, cheni ikiwa imekazwa: anzia katikati ya pini moja, hiyo ni sifuri, hesabu pini 24 zinazofuata. Ya 24 lazima iangukie inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, kama milimita moja na nusu, badilisha cheni. Ikifika 1/8, meno nayo yameshaliwa.

Mchuuzi_Wete

Asalaam aleikum. Sisi huku Pemba vumbi si shida, shida ni chumvi. Maji ya samaki yanachuruzika kwenye kikapu yakishukia cheni, asubuhi naikuta nyekundu. Naisuuza kwa maji matamu, naikausha, natia mafuta ya cherehani. Nakosea?

Binti_Fundi

Waaleikum salaam kaka. Kuisuuza na kuikausha umepatia kabisa. Mafuta ya cherehani yanapenya vizuri ila ni mepesi, maji ya samaki yanayaondoa siku hiyo hiyo. Tia oili nzito ya injini, mpya. Na kikapu kitandikie nailoni chini.

Muuza_Maziwa

Dada, nimerudi. Pini ya 24 imepita inchi 12 kwa zaidi kidogo ya 1/8. Friwili sikuibadilisha, na meno yake yamechongoka yote yakalalia upande mmoja. Kava nililing'oa mwaka juzi, liko juu ya banda la ndama.

Cheni nimeiosha hivyo hivyo ili nione. Mafuta ya taa yalipotulia, chini ya kopo kulikuwa na unga mweusi. Nikauchukua kwa vidole nikausugua, unakwaruza kama mchanga wa mtoni. Huo nilikuwa naupakia mimi mwenyewe kila asubuhi.

Nimenunua cheni, sproketi na friwili pamoja. Jirani naye ameniletea ya kwake niitie kopo. Hii mpya imekuja na grisi ya kunata, niioshe kwanza?

Binti_Fundi

Usiioshe! Hiyo grisi ya kiwandani imeshaingia ndani, ndiyo nzuri kuliko yote. Futa nje tu kwa tambara lenye mafuta ya taa kidogo, funga, nenda. Matone anza pale utakaposikia imeanza kulia, au ukishapita kwenye maji.