Mtoto aliishiwa maji mwilini siku ya tano: je, chanzo kilikuwa kwa mama?

Baba wa Mzaliwa wa Kwanza

Wanajukwaa, salaam. Mke wangu, mwenye umri wa miaka 27, alijifungua mtoto wetu wa kwanza kwa upasuaji baada ya uchungu wa takribani saa 20, na mtoto alizaliwa na kilo 3.4. Tuliruhusiwa kurudi nyumbani siku ya tatu, wakati matiti yalikuwa bado laini na maziwa hayajajaa, lakini hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Mtoto alikuwa mtulivu mno: alinyonya dakika chache, akasinzia, nasi tukawa tunamshukuru Mungu kwa kutujalia mtoto asiyesumbua. Siku ya tano mwili wake ulichemka, nepi ikawa na doa la rangi ya matofali ambalo mama yangu alidhani ni damu, na tulipomrudisha hospitali mizani ilisoma kilo 2.9. Kipimo cha damu kilionesha sodiamu, yaani chumvi iliyo kwenye damu, ya 158. Alilazwa siku nne. Sasa ana wiki sita na ananyonya vizuri.

Ndugu wa pande zote mbili wanasema mke wangu hakula mtori wala hakunywa supu ya kutosha, na maneno hayo yanamuumiza. Naomba kufahamu ni mambo gani hasa kwa upande wa mama yanayomweka mtoto mchanga katika hatari hii, kwa kuwa tunatarajia kupata mwingine, Mungu akipenda.

Mkunga wa Wodi ya Wazazi

Pole sana baba, na umfikishie mzazi pole zangu. Kushuka kutoka kilo 3.4 hadi 2.9 ni upungufu wa karibu asilimia 15. Watoto wengi wanaonyonya hupungua uzito siku za mwanzo, na hatushtuki ikiwa ni asilimia 7 hivi, lakini ikivuka 10 ni lazima tukae na mama, tutazame anavyonyonyesha, na mara nyingi tupime damu. Sodiamu ya kawaida haizidi 145. Mwanao hakulishwa chumvi, bali maji yalimwisha chumvi ikabaki.

Katika maelezo yako kuna mambo matatu yaliyostahili kuandikwa kwenye faili kabla mzazi hajaruhusiwa: uzazi wa kwanza, uchungu wa muda mrefu, na upasuaji. Kila moja linaweza kuchelewesha maziwa kujaa hadi zaidi ya saa 72. Dang'a huwapo tangu mwanzo, ila kidogo kidogo. Kondo la nyuma likishatoka, homoni ya projesteroni hushuka, na hapo ndipo matiti huanza kutengeneza maziwa mengi. Unene uliopitiliza na kisukari huweza kuchelewesha hatua hiyo, na kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua vilevile. Kipande cha kondo kikibaki ndani ya mji wa mimba, homoni haishuki ipasavyo; niliwahi kumhudumia mama ambaye maziwa yake yalifunguka siku moja tu baada ya kusafishwa.

Kibaya zaidi, titi lisilonyonywa vizuri huendelea kutoa maziwa machache yenye sodiamu nyingi, mtoto aliyepungukiwa maji husinzia, na anayesinzia hanyonyi. Utulivu ule mliousifu ulikuwa dalili.

Mama wa Watoto Wawili

Kwangu maziwa yalikuwapo, ila chuchu zilikuwa zimezama na mtoto hakuweza kulishika titi. Alikuwa akichezesha mdomo tu, na kwa kuwa nilikuwa mgeni wa mambo hayo nikadhani ananyonya. Nesi mmoja ndiye aliyeniambia nisitazame mdomo bali nisikilize koo. Hapakuwa na sauti ya kumeza hata moja. Nilifundishwa kukamua na kumnywesha kwa kikombe kidogo hadi alipojifunza. Hata hivyo, naona ndugu zako hawajakosea kabisa, kwa sababu mama asiyekunywa vya kutosha hukausha maziwa.

Daktari wa Watoto

Nakubaliana na mkunga, lakini hilo la mwisho naomba nilirekebishe. Mzazi ale vizuri na anywe kila anapohisi kiu, kwa afya yake. Hakuna ushahidi thabiti kwamba kunywa kupita kiu huongeza maziwa. Kinachoyaongeza ni titi kutolewa maziwa mara kwa mara, mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Kwenye orodha ya mkunga naongeza tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri na upasuaji wa matiti wa zamani, ambao akina mama wengi hawautaji hadi waulizwe.

Dripu nayo izingatiwe. Mama aliyewekewa maji mengi kabla ya kujifungua huweza kumzaa mtoto aliyebeba maji ya ziada, ambayo huyakojoa mapema, na mizani ikaonesha upungufu mkubwa kuliko uhalisia. Hata hivyo, dripu haiwezi kueleza sodiamu ya 158.

Kuhusu zile siku nne, sodiamu hushushwa taratibu, kwa kawaida isizidi nusu yuniti kwa saa, kwa sababu ikishuka ghafla maji huingia kwenye ubongo, ukavimba, na mtoto akapata degedege. Ndiyo maana mtoto wa namna hii hanyweshwi maji kwa kijiko nyumbani, anapelekwa hospitali.

Baba wa Mzaliwa wa Kwanza

Nashukuru sana. Nimemsomea mke wangu majibu yote, na ameuliza: uzazi ujao atajuaje mapema, kabla ya kufika siku ya tano?

Mkunga wa Wodi ya Wazazi

Aseme mapema kliniki kwamba mtoto wa kwanza alipata tatizo hili, mtoto awekwe titini ndani ya saa ya kwanza, na wasiruhusiwe kabla mtu hajamtazama akinyonya tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto apimwe uzito tena kati ya siku ya tatu na ya tano. Kufikia siku ya tano tunataka nepi sita zilizolowa kwa siku na choo cha njano. Choo kikiwa bado cheusi, asisubiri kesho.

Baba wa Mzaliwa wa Kwanza

Nimeyaandika nyuma ya kadi ya kliniki. Amesema mtori atakula, lakini kwa sababu anaupenda.