Kwenu jina la ukoo limetokana na kazi? Tupeane uzoefu

Urojo_Kachori: Jana barazani Jaws Corner kijana katwambia Schumacher kwa Kijerumani ni fundi viatu, na Thatcher, yule aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, ni muezekaji mapaa. Bi Makuti! Kahawa ikanimwagikia kwa kucheka. Halafu nikajikumbuka: sisi ni Serahangi, babu mzaa babu alikuwa msimamizi wa mabaharia jahazini. Na mie hata boti ya Changuu natapika. Nyiye je?

KarafuuMbichi: Khatib, Wete. Aliyesoma hutuba alikuwa babu. Msiniulize mie Ijumaa huwa wapi.

Mla_Pweza: Khatib si hoja. Mtoto hupewa Khatib kama anavyopewa Makame. Sisi jina la mwisho ni la babu tu, kila kizazi moja linadondoka nyuma. Kazi itabakije?

Mkwezi_wa_Karatasi: Inabaki karani akitaka. Baba alikuwa Ali Hamad, lakini Chake yote ikimjua Ali Mkwezi, maana minazi ya mtaa mzima akiikwea yeye. Siku ya kunandikisha skuli alinipeleka ami, akaulizwa mtoto wa nani, akajibu "wa Ali Mkwezi". Likaandikwa. Mdogo wangu kapelekwa na baba mwenyewe, akaandikwa Hamad. Tumekaa hivyo miaka thelathini, hakuna aliyejali. Baba kafariki, tukaenda ofisi moja kwa ajili ya kiwanja cha mirathi. Karani katazama vitambulisho viwili, katutazama sisi, pua moja, kipara kimoja, kasema: "Nyiye si ndugu." Tukamleta mama. Mama kapiga tumbo lake mbele ya watu: "Nimewazaa wote kwa tumbo hili!" Karani hata hakuinua kichwa: "Mama, tumbo halina muhuri." Mama hakusema neno mpaka tunafika nyumbani. Mie sijawahi kumuona mama akinyamaza.

KarafuuMbichi: Subhanallah.

Bi_Shungi: Tumbo halina muhuri!! Mtu ana mama huyo?

Urojo_Kachori: Pole ndugu yangu. Nenda kwa wakili ule kiapo kuwa Mkwezi na Hamad ni baba mmoja.

Mla_Pweza: Asile kiapo chochote, aanze na cheti cha kuzaliwa. Kiapo watakikataa.

Ngalawa_Tupu: Mkwee mnazi mbele ya dirisha lake, wewe na mdogo wako. Atakayeshindwa ndiye Hamad.

Darajani_Boy: Turudi kwenye mada. Freddie Mercury, yule mwimbaji mzaliwa wetu, ukoo wake Bulsara, nalo jina la kazi.

Bi_Shungi: La mji hilo. Bulsar, Gujarat, siku hizi wanaita Valsad. Ya kazi kwa Wahindi ni Soni, sonara, na Darji, mshonaji. Kwa Waarabu Haddad, mhunzi.

Darajani_Boy: Walker basi, mtembeaji.

Bi_Shungi: Alikuwa akitembea juu ya nguo! Akikanyaga kitambaa cha sufu majini mpaka kishikamane. Unabisha tu.

Darajani_Boy: Nabisha na nani, mwalimu wewe.

Ngalawa_Tupu: Mkwezi, kweli lakini, unakwea? Nina minazi minne Bububu.

Mkwezi_wa_Karatasi: Mie mhasibu. Ngazi ya ghorofa ya pili naishika kwa mikono miwili.

Bi_Shungi: Na kiwanja?

Mkwezi_wa_Karatasi: Tumeitwa tena Jumatatu. Mama kasema haendi.