Naomba ushauri: simulizi yangu ya Arkan imewafanya watu wampende muuaji

Msimulizi wa Usiku:

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi huandika simulizi za watu wa hatari na kuzisoma kwa sauti YouTube. Majambazi, majasusi, watoro wa magereza. Mwezi huu nilianza ya Arkan, jina lake halisi Željko Ražnatović, yule jambazi wa Kiserbia aliyegeuka kamanda Yugoslavia ilipokuwa inavunjika. Nimetoa sehemu tatu, na zimesikilizwa kuliko kazi yangu yoyote ya nyuma. Hapo ndipo nilipokwama.

Sehemu ya kwanza nilieleza alivyozaliwa 1952, mtoto wa afisa wa jeshi la anga, akaenda Ulaya Magharibi kuvamia mabenki. Ya pili yote ni kutoroka magereza: Verviers kule Ubelgiji 1979, Amsterdam 1981, Frankfurt mwaka huohuo akiwa kitandani na jeraha la risasi, kisha Thorberg, Uswisi, 1983. Niliisimulia kwa madoido yote niliyonayo. Ya tatu amerudi Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia, anaongoza mashabiki wa timu ya mpira ya Red Star, na Oktoba 1990 anaanzisha kikosi chake cha kujitolea, wale walioitwa Chui Milia. Nikafungia na ile picha maarufu: yeye mbele, mkono mmoja umemshika mtoto wa chui milia kwa ngozi ya shingo, nyuma yake vijana wamejazana juu ya kifaru, nyuso zimefunikwa vitambaa vyeusi.

Komenti zikaanza kumiminika. "Mwamba." "Afrika tunahitaji mtu kama huyu." Nilizipita. Juzi nikaenda kwa dada yangu, nikamkuta mwanawe wa miaka 15 ameiweka picha hiyo kwenye kioo cha simu yake. Akaniuliza kwa furaha, "Mjomba, ya vita inatoka lini?"

Ya vita ni Bijeljina, mji wa Bosnia ambako kikosi chake kiliua raia, Aprili 1992. Nimeiandika mara nne na kuifuta. Kila nikijaribu, Arkan anabaki katikati na waliokufa wanakuwa mapambo yake. Nifute zote? Niendelee? Kama ni kuendelea, niingilie wapi?

Kobe wa Ilala:

Endelea tu mkuu. Tunaosikiliza ni watu wazima, tunajua kupambanua. Usituharibie utamu kwa mahubiri.

Msimulizi wa Usiku:

Mpwa wangu si mtu mzima, mkuu. Na mahubiri sitaki, ndiyo maana nimekuja kuuliza.

Mzee Mhandisi:

Mwanangu, nimekusikiliza zote tatu. Nilisoma Belgrade, sisi tuliuita Beograd, mwishoni mwa miaka ya sabini. Tito, rais wa Yugoslavia, alikuwa amekuja kwetu 1970, nchi zetu zilikuwa marafiki wa Kutofungamana na Upande Wowote, na vijana wetu tulipata nafasi za masomo kule.

Kosa lako halipo sehemu ya nne, liko ya pili. Umezisimulia zile gereza kana kwamba mtu mmoja aliishinda Ulaya kwa akili zake. Jiulize: jambazi anayetafutwa na nchi kadhaa aliwezaje kurudi nyumbani akatembea mchana kweupe? Mwaka 1983 polisi wawili walimfuata kwenye nyumba ya mama yake, akawapiga risasi na kuwajeruhi. Baada ya siku mbili yuko nje. Baadaye ana duka la keki karibu na uwanja wa Red Star, na watu wa usalama wa taifa wanamjua kwa jina. Yule alikuwa jambazi wa serikali. Ukisema hilo mapema, utamu wa kutoroka unapungua wenyewe.

Hata vita yenyewe huielewi bila hilo. Juni 1991 Kroatia ilitangaza uhuru. Waserbia walioishi humo nao wakataka kujitenga na Kroatia. Mwaka uliofuata ikawa hivyohivyo Bosnia. Belgrade ilitaka kuwasaidia bila kuonekana imevuka mpaka. Ukimtuma mwanajeshi wako, unaulizwa. Ukimwacha jambazi avuke na "watu wa kujitolea", unasema humjui. Kambi yake ilikuwa Erdut, ndani ya Kroatia, na silaha hazikudondoka kutoka mbinguni.

Mama Bunia:

Kaka, mimi natoka Bunia, Ituri, mashariki mwa Kongo. Wakati wa vita, mwaka 2003, nilikuwa msichana mdogo. Mpaka leo ukiwauliza vijana wa mtaani kwetu, watakutajia makamanda wote, majina yao ya vita, miwani waliyovaa, gari walilopanda. Uwaulize nani aliuawa kwenye nyumba ya kona, wanakuangalia tu. Yule aliyeuawa alikuwa akitushonea sare za shule. Sikuambii ufute. Nakuomba tu usiwape vijana jina lingine la kuimba.

Msimulizi wa Usiku:

Dada, pole sana. Nimekusoma mara mbili.

Winga wa Kushoto:

Na mpira usiusahau. Mwaka 1996 aliichukua Obilić, timu ndogo ya Belgrade, na 1998 ikawa bingwa wa Yugoslavia. Ikapangiwa Bayern Munich mechi za kufuzu Ligi ya Mabingwa. UEFA ikaanza kuuliza maswali, uenyekiti ukahamia kwa mkewe Ceca, yule mwimbaji. Hata hilo watu hulisimulia kama ujanja. Mimi nauliza pesa za kununua timu zilitoka wapi kwa nchi iliyowekewa vikwazo tangu 1992, ambako petroli na sigara ziliuzwa kwa magendo. Waliokuwa na bunduki ndio waliokuwa na mafuta.

Mpigapicha Tanga:

Mkuu, jibu lako lipo kwenye picha uliyoitumia.

Ile ya chui milia ilipigwa 1991 na Mmarekani, Ron Haviv. Arkan aliipenda. Aprili 1992 mpigapicha huyohuyo akapata ruhusa ya kufuatana na kikosi kuingia Bijeljina. Akapiga picha nyingine. Raia watatu Waislamu wamelala kwenye ukingo wa barabara, wamepigwa risasi. Askari kijana amesimama juu yao, miwani ya jua ameipandisha kichwani, bunduki mkono mmoja, sigara katikati ya vidole vya mkono mwingine, na mguu ameurudisha nyuma ampige teke mwanamke aliyelala chini. Sigara hajaiangusha. Mimi kama mpigapicha hiyo sigara ndiyo inayonikosesha usingizi, maana mkono hautetemeki.

Anza sehemu ya nne na mpigapicha. Picha ya kwanza, halafu ya pili, muda kati yake haufiki mwaka mmoja na nusu. Arkan apite pembeni tu, maana hata kwenye ile ya pili hayumo.

Dereva wa Arusha:

Nyongeza. Nimeendesha magari ya wageni Arusha enzi za mahakama ya Rwanda. Mwendesha mashtaka Louise Arbour alisimamia kesi za kwetu na za Yugoslavia kwa pamoja. Hati ya kumshtaki Arkan ilitolewa kwa siri Septemba 1997, Arbour ndiye aliyeitangaza hadharani 31 Machi 1999. Isome. Inahusu Sanski Most, mji mwingine wa Bosnia, Septemba 1995: wanaume wapatao 30 wamefungiwa kwenye chumba cha boila, mtambo wa kuchemshia maji, cha hoteli, chenye ukubwa wa mita za mraba 5 hivi, hewa hakuna. Pima mita 5 za mraba hapo ulipokaa, uone.

Kesi haikuanza. Tarehe 15 Januari 2000 aliuawa kwa risasi kwenye ukumbi wa hoteli ya InterContinental, Belgrade. Wasimulizi wote huishia hapo, kwenye zulia na damu. Wewe nenda mpaka 31 Mei 2023, wakuu wawili wa usalama wa taifa wa enzi hizo, Jovica Stanišić na Franko Simatović, walipothibitishiwa hatia na kupewa miaka 15 kila mmoja. Bijeljina na Sanski Most zimo kwenye hukumu hiyo. Hapo anachosema Mzee Mhandisi kinathibitika.

Msimulizi wa Usiku:

Wakuu, asanteni. Nimeiondoa sehemu ya pili, nairekodi upya kuanzia duka la keki. Picha ya chui milia nimeitoa kwenye jalada. Mpwa wangu nitakaa naye mwenyewe nimwoneshe picha zote mbili kabla hajazikuta kwingine.

Mzee Mhandisi, shikamoo. Kule bwenini ulikaa na watu wa Bosnia?

Mzee Mhandisi:

Marahaba mwanangu. Nililala chumba kimoja na kijana wa Zvornik, mji ulio ukingoni mwa Mto Drina, ng'ambo ni Serbia. Alichemsha kahawa kwenye kibirika cha shaba chenye mkono mrefu, na kila mara alinimiminia mimi kwanza kwa kuwa ni mgeni. Tuliandikiana kila mwaka mpya. Barua ya Januari 1992 ilifika, ameniandikia kuhusu binti yake kuanza shule. Zvornik ilivamiwa Aprili, wiki moja baada ya Bijeljina, na watu wa Arkan walikuwemo. Sijapata barua nyingine.

Njoo Jumamosi alasiri na kinasa sauti chako. Barua ninazo.