Majirani Barani: Karisa analeta mbwa

Kikundi: MAJIRANI BARANI 🌴
Malindi, Alhamisi

19:04 Karisa: Hamjambo majirani. Jumamosi nachukua mbwa, kijibwa tu. Yule mama ninayemfanyia bustani kule Watamu, mbwa wake amezaa sita. Tangu wale mbuzi wangu wawili waondoke usiku sijalala vizuri. Naomba mniambie ninunue nini kabla hajafika. Nina elfu tatu, basi.

19:06 Mama Kadzo: Elfu tatu ya mbwa unayo, na deni langu la mahamri tangu mwezi uliopita? 😂

19:06 Karisa: Mama Kadzo hayo tuongee pembeni

19:07 Juma Tuktuk: Kitanda! Kuna vile vya sponji vina manyoya pembeni, nimeviona dukani juzi. Elfu mbili na mia nane.

19:08 Mwalimu Neema: Juma, na cha kwako wewe ulinunua ngapi?

19:08 Juma Tuktuk: Naomba nisijibu

19:15 Baba Furaha: Karisa usinunue kitanda. Miaka kumi na minne nimelinda jumba la Mtaliano kule Casuarina, mbwa wanne, na kila kitanda kilicholetwa kilikuwa vipande kabla ya mwezi kuisha. Mbwa mchanga anaota meno, anatafuna mpaka mguu wa meza. Tafuta gunia safi la mchele, likunje mara mbili. Halafu chukua kanga kuukuu, ipeleke Watamu siku mbili kabla, ilaliwe na mama yake na nduguze. Usiifue. Ukimleta, mlaze juu ya ile kanga. Usiku wa kwanza atalia, lakini akisikia harufu ya mamake atanyamaza mapema kidogo, nawe utalala.

19:16 Mama Kadzo: Kanga yangu ile yenye tundu ipo. Hiyo haina deni.

19:17 Baba Furaha: Ana wiki ngapi?

19:18 Karisa: Naambiwa tano.

19:18 Baba Furaha: Basi Jumamosi ghairi.

19:18 Karisa: 😳

19:21 Baba Furaha: Wiki nane ndiyo ya kumtoa. Sasa hivi bado ananyonya, na ananyonya akili vilevile. Wakicheza na nduguze akiuma sana, mwenzake analia na kumkimbia. Hapo ndipo anajua kipimo cha meno yake. Ukimchukua wa wiki tano utamfundisha hayo kwa vidole vyako mwenyewe. Mwambie yule mama akuwekee wiki tatu. Na akikuuliza unamtaka yupi, usichague anayejificha nyuma wala anayewakalia wenzake kichwani.

19:23 Karisa: Sawa mzee. Kwa hiyo nina wiki tatu za kujitayarisha.

19:31 Bi Khadija: Karisa mwanangu, shikilia hapo hapo kwenye kujitayarisha. Mie sina ugomvi na mbwa wako. Kwetu Lamu nilikua na paka na punda, mbwa nimemuona ukubwani, ndiyo maana namwogopa. Lakini lile geti lako lina mwanya chini, paka wangu Simba anapita bila kuinama. Na watoto wanaokwenda chuoni kusoma Kurani baada ya alasiri wanapita hapo hapo na vijuzuu vyao. Mbwa akiwatokea watakimbia, na mtoto akikimbia mbwa anamfuata. Kwanza nunua geti.

19:33 Juma Tuktuk: Lakini Bi Khadija si ni kijibwa tu

19:33 Bi Khadija: Na wewe Juma ulikuwa kijitoto.

19:34 Mama Kadzo: 😂😂😂

19:40 Ustadh: Assalaam alaykum jamaa. Bi Khadija amesema la maana. Watu wasigombane bure kwa jambo hili. Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa mawindo ameruhusiwa, na Karisa ana mbuzi. Tatizo ni mate. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja katika hizo kwa mchanga. Mbwa mkavu akipita karibu na kanzu kavu hakuna kilichoharibika, watoto nimewafundisha hivyo wasipige mayowe. Lakini akimrukia mtoto na ulimi nje, huyo mtoto lazima arudi nyumbani na kipindi kimempita. Kwa hiyo naunga mkono geti.

19:42 Karisa: Waalaykum salaam maalim. Nimeelewa. Na bakuli lake nitaliweka mbali na vyombo vya nyumbani, lisichanganywe.

19:43 Ustadh: Lipake rangi pembeni. Nyekundu. Hata mgeni akija asikosee.

19:50 Mwalimu Neema: Na mimi niseme langu. Miaka mitatu iliyopita mwanangu aliumwa na mbwa wa mitaani, hapa hapa, akienda kununua maandazi. Kidonda kidogo, mngekiona mngecheka. Nilimwosha mguu kwa sabuni na maji ya bomba dakika kumi na tano nzima, yeye analia na mimi nalia, ndipo tukaenda hospitali. Tulipofika, dawa ya sindano hakuna. Tukaenda nyingine, hakuna. Ikabidi ninunue nje, sindano tano, ya kwanza siku ile ile na ya mwisho siku ya 28. Nilikopa. Nilikuwa nasimamia darasa huku nahesabu siku. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakuna tena cha kufanya, ni kifo. Karisa, katika hiyo elfu tatu toa kwanza pesa ya chanjo ya kichaa. Zitakazobaki ndizo za kamba na mabakuli.

19:51 Mama Kadzo: Pole tena mwalimu. Nakumbuka.

19:53 Karisa: Pole sana mwalimu. Sindano yake ni akiwa na umri gani?

19:58 Baba Furaha: Ya kichaa miezi mitatu, halafu unarudia kila mwaka. Lakini kuna nyingine inayoanza mapema, wiki ya sita mpaka ya nane, halafu unarudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike miezi minne. Ni ya parvo, ugonjwa wa kirusi unaoua vijibwa, na wenzake. Muulize yule mama kama atamchanja kabla hajakupa. Na mpe dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka miezi mitatu. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa nayo tayari, wanaitoa kwa mama yao.

19:59 Baba Furaha: Hebu niambie, hapo kwako kulishawahi kuwa na mbwa?

20:02 Karisa: Mimi la. Mpangaji aliyenitangulia alikuwa naye. Alikufa chini ya mwembe, naambiwa aliharisha damu siku tatu. Ni mwaka jana mwishoni.

20:03 Baba Furaha: Eee.

20:10 Baba Furaha: Sikuona kwa macho kwa hiyo sitaapa, lakini kuharisha damu hivyo mara nyingi ni parvo. Na ugonjwa huo unakaa kwenye udongo miezi mingi hata mbwa mwenyewe akishazikwa. Kule Casuarina kijibwa kimoja kilikufa nao, Mtaliano akaleta kingine baada ya mwezi, nacho kikafa. Tukazika wawili chini ya mkadi mmoja. Karisa, baraza lako ni la saruji?

20:11 Karisa: Ni saruji.

20:13 Baba Furaha: Lioshe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, halafu kwa Jik iliyochanganywa na maji, kikombe kimoja kwa vikombe thelathini. Iache dakika kumi ndipo usuuze. Sabuni peke yake haiui kirusi hicho. Udongo huwezi kuuosha, kwa hiyo mpaka amalize sindano zake asikanyage chini ya ule mwembe. Akae barazani. Ndiyo maana nasema kitanda si kitu, ni pale atakapokaa.

20:14 Juma Tuktuk: Haya mambo ni magumu kuliko kuoa

20:14 Mwalimu Neema: Utajuaje?

20:15 Juma Tuktuk: _Ujumbe huu umefutwa_

20:20 Mama Kadzo: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:52)

20:21 Karisa: Mama Kadzo niko kwenye boda sisikii, andika

20:26 Mama Kadzo: Vidole vyangu vina unga lakini sawa. Nasema chakula usinunue cha gunia la dukani, mabaki ya hotelini kwangu yapo kila jioni. Pilau, mifupa ya kuku, maharagwe. Na ule unga ulioingia ukungu naweza kukupa bure.

20:29 Baba Furaha: Mama Kadzo, wema wako Mungu akulipe, lakini huo unga mwaga. Mbwa hufa kwa unga wenye ukungu kama mtu. Ini linaharibika, anageuka macho ya njano. Watu wengi hapa huona ni uchumi, "hautufai sisi, mpe mbwa", halafu wanasema karogwa. Usimpe hata kuku.

20:30 Mama Kadzo: Kuku nishawapa jana 🙆🏾‍♀️

20:30 Baba Furaha: Basi usirudie.

20:34 Baba Furaha: Na pilau lina vitunguu maji, thomu na siku za harusi linatiwa zabibu kavu. Vyote vitatu ni sumu kwake. Kitunguu kinaivunja damu yake polepole, zabibu zinaua figo. Mfupa wa kuku uliopikwa unakatika kama kigae na kumchoma utumbo. Ng'onda ana chumvi mno. Mpe wali mweupe au ugali, dagaa waliochemshwa bila chumvi, yai, maini kidogo, boga. Mara nne kwa siku mpaka miezi mitatu, vijisehemu vidogo. Maziwa ya ng'ombe yatamharisha.

20:35 Mama Kadzo: Kumbe anakula vizuri kuliko Juma.

20:36 Karisa: Maji je? Kisima changu kina chumvi.

20:37 Baba Furaha: Mpe haya unayokunywa wewe. Na chombo kizito, cha udongo au bati nene. Cha plastiki atakipindua na kukitafuna, na kaskazi ikishika atakuwa na kiu mchana kutwa huku bakuli limelala kifudifudi.

20:45 Juma Tuktuk: Hili la kupe nalijua mimi. Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, unampaka mgongoni bila maji, siku moja tu kupe wote chini. Binamu yangu alifanya hivyo.

20:46 Mwalimu Neema: Na mbwa?

20:47 Juma Tuktuk: Mbwa naye chini.

20:47 Mwalimu Neema: 🤦🏾‍♀️

20:52 Baba Furaha: Dawa ya kupe nunua duka la mifugo, na uwaambie umri na uzito wake. Usikisie. Mpeleke kwenye mizani ya dukani kama hujui. Zingine haziruhusiwi kwa mbwa wa chini ya wiki nane. Pwani kupe ni wengi mwaka mzima, wanaleta homa inayomtoa mbwa damu puani. Kila jioni mpitishe vidole masikioni, katikati ya vidole vya miguu, chini ya kola. Na angalia funza pia, miguuni.

20:54 Baba Furaha: Bi Khadija na wewe sikia. Ukimuona Karisa amempaka mbwa dawa ya matone ya mgongoni, usimwombe iliyobaki umpake Simba. Baadhi zina pamethrini, mbwa anaivumilia, paka inamuua kwa kifafa. Na usimwache Simba alale naye siku hiyo.

20:56 Bi Khadija: Simba kulala na mbwa! 😂 Lakini asante, hilo sikulijua. Mwaka jana nusura nimpake.

21:03 Karisa: Sasa naona hesabu. Chanjo, dawa ya minyoo, dawa ya kupe. Kola na kamba. Bakuli ninalo, gunia ninalo, kanga nimepewa. Mnyororo je?

21:05 Baba Furaha: Mnyororo acha. Mbwa wa kufungwa kutwa anakuwa na hasira, na mnyororo ukikatika siku hiyo ndiyo watoto wa chuoni wataona cha moto. Kola ya kitambaa, vidole vyako viwili vipite kati yake na shingo. Ipime kila wiki, mtoto wa mbwa anakua usiku mmoja. Nimewahi kuona kola imezama kwenye nyama.

21:06 Bi Khadija: Geti bado halijatajwa kwenye hesabu.

21:07 Karisa: Bibi sijasahau. Ndilo linanitisha kwa bei.

21:10 Fundi Kazungu: Nimekuwa nasoma kimya. Karisa huo mwanya ni inchi ngapi?

21:14 Karisa: Nimetoka na tochi sasa hivi. Upande wa bawaba nne, upande wa kufuli saba. Ardhi imeteremka kwa mvua.

21:15 Fundi Kazungu: Saba hata wewe ukipungua kidogo utapita. Usinunue geti. Nina kipande cha bati nene na nondo mbili zilizobaki kwa kazi ya msikiti. Nachomelea chini, halafu tunamwaga kizingiti cha saruji ili asichimbe. Lete mfuko nusu wa saruji tu. Kazi yangu utanilipa mbuzi akizaa.

21:16 Ustadh: Zilizobaki kwa kazi ya msikiti, Kazungu?

21:17 Fundi Kazungu: Zilizobaki baada ya hesabu kukubaliwa na kamati, maalim. Risiti ninayo 😅

21:18 Ustadh: Basi endelea. Na mimi naleta wanafunzi wawili wa kubeba mchanga.

21:20 Karisa: Jamani sina la kusema. Lini?

21:21 Fundi Kazungu: Jumamosi baada ya alasiri, si umeshaghairi Watamu? Nakuja na futi na mashine. Weka waya wa umeme karibu.

21:22 Bi Khadija: Chai juu yangu. Mama Kadzo lete mahamri.

21:23 Mama Kadzo: Naleta. Karisa anajua bei yake.