Nimefuta databesi ya ofisi kimakosa, nikiwasha kinga ya kufuta inatosha?

Kisima88
Habari za usiku wakuu, naombeni ushauri maana wiki hii sijalala vizuri. Mimi ndo naangalia mifumo kwenye ofisi moja ya mikopo midogo hapa Mwanza, databesi yetu ni MySQL ipo AWS (seva za kukodi za Amazon) kwenye RDS, huduma yao ya databesi. Jumatano nilikuwa nasafisha vitu vya majaribio bili ipungue, kulikuwa na databesi mbili majina yanafanana tofauti ni herufi mbili za mwisho, nikachagua moja nikabonyeza kufuta, ikaniuliza kama nataka snapshoti ya mwisho, yaani nakala ya databesi nzima ilivyo wakati huo, nikatoa tiki kwa sababu nilijua ni ya majaribio haina kitu, pale pa kubakiza bekapu za kila siku napo nikatoa tiki, nikaandika maneno ya kuthibitisha ikaenda. Hazijapita dakika tano afisa mikopo anapiga simu, mfumo umegoma.

Kilichotuokoa ni snapshoti niliyoipiga kwa mkono siku nne nyuma. Hizo siku nne tumezirudisha watu watatu, tunaandika upya marejesho kutoka kwenye vitabu vya risiti na meseji za malipo ya simu. Kuna mama mmoja alimaliza deni lake lote Jumanne, mfumo ukamuonyesha bado anadaiwa, akaja ofisini na risiti yake mkononi anatetemeka. Hilo ndo limeniuma kuliko yote.

Sasa nimeona kuna kinga ya kufuta unaweza kuiwasha. Nikiiwasha inatosha au kuna kingine?

FundiNyaya
Pole sana mkuu. Iwashe leo leo, haina malipo, haizimi databesi wala haihitaji kurestati. Ikiwa imewashwa mtu akijaribu kufuta inakataa mpaka aizime kwanza. Halafu pitia databesi zote moja moja, maana ukiunda kwenye konsoli ukachagua kwamba ni ya kazi yenyewe inawashwa yenyewe, ila ukiunda kwa amri inakuja imezimwa, watu wengi hapo ndo wanaachwa.

Ila kutosha haitoshi. Hiyo inalinda seva ya databesi isifutwe, data iliyomo ndani hailindi. Mtu akiandika DROP TABLE (amri ya kufuta jedwali zima), au DELETE akasahau WHERE inayotaja safu zipi zifutwe, data inaondoka na kinga yako ipo pale pale imewashwa. Na yeyote mwenye ruhusa ya kubadilisha mipangilio anaizima kwa sekunde mbili. Kwa hiyo cha pili ni ruhusa, akaunti unayoitumia kila siku isiwe na uwezo wa kufuta kabisa. Kwenye IAM, sehemu ya AWS ya kupanga ruhusa, weka katazo la wazi la rds:DeleteDBInstance (kufuta databesi) na rds:ModifyDBInstance (kubadilisha mipangilio yake), kule katazo la wazi linashinda ruhusa yoyote aliyopewa mtu. Ni kweli hata ukitaka kuongeza ukubwa wa seva itabidi utoke uingie kwa akaunti ya pili inayodai namba ya uthibitisho kutoka kwenye simu, inachosha, lakini katika huko kutoka na kuingia unapata nafasi ya kusoma jina vizuri.

Na majaribio yahamishie kwenye akaunti yake mbali kabisa. Databesi mbili zenye majina pacha kwenye orodha moja, hata mtu makini akishachoka atakosea.

zuhura_db
Kaka pole, na pole kwa huyo mama pia. Mimi naona tuongelee bekapu zaidi maana ndo zilizokurudisha kazini.

Bekapu za kila siku za RDS zimefungamana na databesi yenyewe, ukiifuta bila kuzibakiza zinaondoka nayo. Snapshoti ya mkono inabaki mpaka uifute mwenyewe, ndo maana ile yako ulikuta ipo. Muda wa kutunza bekapu peleka mpaka siku 35, huo ndo mwisho wao, ukiacha ilivyo mara nyingi unakuta ni 7 na kwa waliounda kwa amri ni siku 1 tu. Ndani ya huo muda unaweza kurudi sekunde unayotaka, kawaida mpaka dakika tano zilizopita, na hii ndo dawa ya DROP na DELETE alizosema FundiNyaya hapo juu.

Baada ya hapo nakili snapshoti kwenye akaunti nyingine ya AWS ambayo wewe wa kila siku huingii. Angalizo, kama databesi imesimbwa (imefungwa isisomeke bila ufunguo) kwa ufunguo wa AWS wa kawaida snapshoti haikubali kushirikishwa akaunti nyingine, lazima iwe imesimbwa kwa ufunguo uliouunda mwenyewe, hii mimi ilinipotezea siku nzima.

Na jaribuni kurejesha, nawaomba sana. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, tovuti ambako waandishi wa programu wanatunza kazi zao, usiku amechoka alifuta folda ya data akidhani yupo kwenye seva ya akiba kumbe yupo kwenye kuu. Alistuka ndani ya sekunde moja mbili, kwenye GB 300 zilibaki kama 4.5. Wakaenda kwenye bekapu za S3, hifadhi ya mafaili ya AWS, wakakuta hamna kitu, programu ya bekapu ilikuwa toleo 9.2 na databesi ni 9.6 kwa hiyo kila siku ilikuwa inafeli, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Waliokolewa na snapshoti ambayo mtu aliipiga kwa mkono kama masaa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Yaani kama wewe tu kaka. Walieleza yote hadharani na ndo maana sisi leo tunajifunza kwao.

pwani_dev
Niongezee hapo kwa wale hawako AWS. Sisi hapa Mombasa tuko Azure ya Microsoft, huko kuna kufuli ya CanNotDelete, ukiiweka kwa kundi zima kila kitu kilicho ndani kinairithi, lakini pia hiyo haizuii DELETE ya ndani ya databesi. Google Cloud SQL nayo iko na kinga yake. Kama mnatumia Terraform, ile programu ya kuunda seva kwa kuziandika kwa faili, kuna prevent_destroy ya kuzuia kufuta, lakini mtu akitoa kile kipande chote kwa faili, hiyo kinga inatoka pamoja nacho, kwa hivyo iwasheni kwa databesi pia msitegemee Terraform peke yake.

Na bekapu moja ikae kwa kampuni tofauti kabisa. Mei 2024 mfumo wa UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya laki sita, ulifutika Google Cloud. Google wenyewe walieleza kuwa wakati wa kuuanzisha kuna sehemu ya kujaza iliachwa wazi, ukapewa muda wa mwaka mmoja, mwaka ulipoisha ukajifuta bila mteja kuarifiwa. Hapo hakuna mtu alibonyeza kitu kimakosa siku hiyo. Bekapu walizoweka kwa mtoa huduma mwingine ni kati ya vitu vilisaidia kuwarudisha.

FundiNyaya
Nimesahau hili mkuu. Upo MySQL, washa sql_safe_updates kwa kila anayeingia kwa mkono, inakataa DELETE na UPDATE zisizo na WHERE ya kueleweka. DROP haiizuii. Watu wa PostgreSQL, databesi ya aina nyingine, wanaweza kuanza na BEGIN, na hata DROP TABLE ikarudi kwa ROLLBACK (amri ya kutengua) kabla hawajathibitisha, kwenye MySQL ukishapiga DROP TABLE imeshapita.

Kisima88
Wakuu nawashukuru sana, dada zuhura_db Mungu akubariki. Mrejesho: kinga nimewasha zote, siku nimeweka 35, akaunti ya pili nimefungua leo asubuhi. Jioni nikajaribu kurejesha kama ulivyosema. Nilidhani itarudi juu ya ile ile, kumbe inaunda databesi mpya yenye anwani mpya, na programu ikagoma kuunganika kwa sababu ile mpya imekuja na fayawoli ya kawaida siyo ya kwetu. Kuanzia kubonyeza mpaka afisa mikopo kuona orodha ya wateja ni saa moja na dakika kumi. Hatua zote nimeziandika kwenye karatasi nimebandika ukutani, na Jumamosi mwenzangu atafanya peke yake mimi nikiwa nimekaa pembeni tu.